Tani kumi kutoka tezi hadi omo

Saa nane za usiku, dakika chache kabla ya Mumbai, ndege yangu ya kwenye kompyuta iliinua pua yenyewe. Mkono wangu ulikuwa kwenye kikombe cha kahawa, si kwenye usukani. Kengele ikalia, autopailoti, mtambo unaomwendeshea rubani ndege, ikajitoa, na Concorde, ile ndege ya abiria ya kasi kupita sauti, niliyoilea kwa saa mbili na ushei ikasimama kama punda anayekataa mzigo, ikalala ubavu, ikaenda baharini. Ami alikuwa amejinyoosha nyuma yangu kwenye kitanda cha kamba. Hakuinuka hata.

"Mwanangu, mbona shehena yote umeiweka tezi?"

Ami alikuwa nahodha kabla ya magoti kumgomea. Tezi kwake ni nyuma ya chombo, na omo ni mbele. Kompyuta haijui, wala haitaki kuijua, ila huja kukaa nami usiku kwa sababu chumba changu cha juu kinapata upepo. Nikamjibu kwa hasira kwamba hii ni ndege, si jahazi. Kisha nikafungua ukurasa wa matangi na kutazama. Tangi la mkiani lilikuwa na tani kumi kasoro kidogo. Lilitakiwa liwe karibu tupu.

Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu. Ndege za kweli naziona zikishuka Manda, ng'ambo ya maji, na nimezipanda mara mbili tu maishani. Huruka nyumbani, kwa kompyuta ya mitumba na programu ya kuigiza urukaji iitwayo FlightGear, ambayo ni ya bure. Nilianza na Cessna 172, ndege ndogo ambayo mafuta yake hayaumizi kichwa: unaweka swichi kwenye matangi yote mawili, unaondoka. Kisha nikahamia Piper, nayo ndege ndogo. Ile haina nafasi ya "yote mawili", ni kushoto au kulia, na rubani hubadilisha kila baada ya muda ili bawa moja lisiwe zito. Mara ya kwanza nilisahau, injini ikazimika juu ya Kipini huku tangi la pili limejaa pomoni. Nikadhani hapo nimehitimu somo la mafuta.

Concorde ni habari nyingine. Ina matangi 13, na ikijazwa hubeba tani kama 95 za mafuta. (Ami alipouliza ni petroli au dizeli nikamwambia ni jamii ya mafuta ya taa. Alicheka mpaka akakohoa: tani 95 za mafuta ya taa, na wengine tunapimiwa kwa chupa!) Mafuta hayo hayaendi kuchomwa tu. Ndege inapovuka kasi ya sauti, mahali ambapo hewa hulibeba bawa husogea nyuma, karibu mita mbili, kwa hiyo pua hutaka kuinama. Ndege nyingi zina bawa dogo mkiani la kurekebisha jambo hilo. Concorde haina. Ina bawa moja kubwa la pembetatu na vibao vinavyochezacheza kwenye ukingo wake wa nyuma. Ukiviinua vibao hivyo safari nzima ili kuzuia pua isiiname, vinapingana na upepo na mafuta yanateketea bure. Waliounda ndege hiyo wakaona bora wasogeze uzito wenyewe. Matangi ya 9 na 10 yako mbele, la 11 liko mkiani. Unapoongeza kasi unapampu kutoka mbele kwenda mkiani, na unapopunguza kasi unarudisha.

Hilo la kurudisha ndilo lililoniua.

Kinachoudhi ni kwamba nililijua. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ya daftari na kuibandika ukutani: kuruka, asilimia 53.5, kwenda chini kidogo ya kasi ya sauti, 55, kwa Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, 59. Asilimia hizo zinaonyesha kitovu cha uzito kiko wapi, ukipima bawa kuanzia ukingo wa mbele kwenda nyuma. Safari ya kwenda niliifuata karatasi vizuri. Nilichagua Mombasa hadi Mumbai, zaidi kidogo ya kilomita 4,400, kwa kuwa njia ni bahari tupu, hakuna mtu wa kulalamika mlio wa kuvunja kasi ya sauti, na mafuta ya tani 75 yanatosha na kubaki. Lakini kwa Mach 2 unamaliza kama kilomita 35 kila dakika. Ukisema ngoja ninywe kahawa kwanza, umeshapita umbali wa kutoka hapa hadi Malindi. Nilipunguza nguvu za injini nikiwa nimechelewa, nikashughulika na kimo na njia ya kutua, nikasahau nyuma.

Na kwa nini sikuona mapema? Nililala na swali hilo, nikalipata jibu kesho yake: autopailoti ilinificha. Mkia ulipoanza kuelemea, yenyewe ilishusha vibao kidogo ili kuiweka pua sawa. Ukaelemea zaidi, ikavishusha zaidi. Mbele yangu pua ilionekana imetulia, kimo sawa, kila kitu sawa. Vibao vilipofika mwisho wa uwezo wao, autopailoti ikaniachia mzigo wote kwa pamoja. Tangu siku hiyo mimi siitazami pua. Natazama mshale wa vibao. Ukikaa karibu na katikati, uzito uko mahali pake. Ukianza kuhama na wewe hujagusa chochote, nenda kwenye matangi.

Jaribio la pili nilifanya ujanja ambao naona haya kuusimulia. FlightGear ina dirisha la mafuta na mizigo, lenye kitelezi kwa kila tangi. Nikaona, pampu za nini? Nilipoanza kupunguza kasi nikalivuta tangi la 11 hadi chini na la 9 hadi juu. Tani kumi zikahama kwa kufumba na kufumbua. Pua ikaporomoka hivi kwamba nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Ami akauliza kama nahodha amewaamrisha mabaharia wote waruke omo kwa pamoja.

Ndipo akanieleza, kwa kuchora na kidole kwenye vumbi la dirisha, walivyokuwa wakifanya na farumi, uzito unaowekwa chini ya chombo ili kitulie. Chombo kikikimbia na upepo wa nyuma, omo hutaka kuzama, basi unasogeza uzito kuelekea tezi. Lakini husogezi wote, na husogezi wakati omo imeshaingia maji. Unasogeza kidogo, unaacha chombo kikuonyeshe, unasogeza tena. "Na huanzi upepo ukishakuja," akasema. "Waanza ukiuona kwa mato, huko mbali."

Basi nikapanga upya. Ndege hiyo ilirukwa na watu watatu, na wa tatu, mhandisi, ndiye aliyekaa na kazi hii, akitazama paneli yake upande wa kulia. Nyumbani mhandisi ni mimi. Kila nikigeuza kamera kwenda kwenye paneli, mbele hapana mtu. Nikajiwekea zamu kwa saa ya simu: sekunde kumi paneli, ishirini mbele. Na nikaamua kuanza kupampu kwenda mbele kabla ya kuanza kushuka, kidogo kidogo, wala si kasi ikishakufa. Kuna kitu kilinisaidia sana kwenye kioo cha Mach: alama mbili ndogo zinazoonyesha kasi ya chini na ya juu inayoruhusiwa kwa kitovu cha uzito ulicho nacho saa hiyo. Kazi yako ni kuhakikisha mshale haufiki kwenye alama yoyote. Nilikuwa nimezipuuza wiki nzima nikidhani ni mapambo.

Jaribio la tatu stima ilikatika juu ya bahari ya Uarabuni, na betri yangu ni ya kutazamwa tu. La nne nilitaka kuokoa muda nikaiharakisha saa ya programu mara nne; autopailoti ikaanza kupanda na kushuka kama mashua kwenye mkondo wa Shela, nikaacha mwenyewe.

La tano nilianza usiku wa manane. Mach 2 nikaipata na asilimia 59, mshale wa vibao umetulia. Kilomita mia sita kabla ya Mumbai nikafungua pampu ya tangi la 11. Tarakimu zilishuka polepole mno, sehemu ya kumi ya tani kwa sehemu ya kumi, nikawa nazihesabu kama mtu anayesubiri maji ya bomba. Mach 1.7, nikafunga, nikatazama mshale: sawa. Nikafungua tena. Mach 1.4, alama ya chini ikasogelea kidogo, nikapunguza mteremko nikaipa pampu nafasi. Tulipovuka kasi ya sauti kitovu kilisoma 55. Nilijaribu kumwamsha Ami aone, akanipungia mkono.

Kwenye njia ya kutua nilitoa autopailoti mwenyewe ili nijue ukweli. Usukani ulikuwa mwepesi. Pua iko juu, kama inavyotakiwa kwa ndege ile, lakini nimeiinua mimi. Magurudumu yakagusa kwa kishindo kidogo, nikaiacha ndege ikimbie hadi ikasimama.

Nikafungua ukurasa wa matangi. Zilibaki tani 17. Tangi la 11 lilisoma sifuri. Nikageuka kumwambia Ami, nikakuta kitanda kitupu. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshaadhiniwa na mimi sikuisikia.