Kabla Hujalipangua Sanduku la Babu

Watu wakikuta kasha la vitu vya zamani chumbani kwa babu au bibi, swali la kwanza huwa lilelile: hivi vitu vinauzwa kiasi gani? Silipendi swali hilo. Pesa sina ugomvi nazo, ila swali lenyewe huwafanya watu waanze kuchambua haraka haraka. Sarafu huku, picha kule, makaratasi yakatupwe. Muda si muda, mpangilio alioujenga mzee kwa miaka mingi umeshavurugika, na hakuna wa kuurudisha.

Babu yangu alipofariki, bibi alinikabidhi ufunguo wa sanduku la bati lililokuwa mvunguni mwa kitanda chao. Juu kabisa palikuwa na saa ya mkononi iliyokatika mkanda, na chini yake bahasha iliyofungwa kwa uzi. Ndani ya bahasha kulikuwa na risiti iliyofifia na sarafu moja ya thamani ndogo. Ukivitenganisha, una saa mbovu, karatasi isiyosomeka na sarafu isiyotumika tena. Nilimpelekea bibi vyote kwa pamoja, kama nilivyovikuta. Akaiangalia ile sarafu, akacheka.

"Hiyo ni chenji," akasema. "Saa aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Hiyo ndiyo iliyobaki, akaapa hataitumia."

Watunza nyaraka wana kanuni ya kuheshimu mpangilio ambao mwenye nyaraka aliuacha, na tangu siku ile naiona kanuni hiyo ina maana hata mvunguni mwa kitanda. Kwa hiyo, kabla hujagusa kitu, piga picha sanduku likiwa wazi. Kila tabaka unaloondoa, piga tena. Kila bahasha ipe namba kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya bahasha yenyewe.

Wapenzi wa stempu wanaijua habari ya Vernon Vaughan. Mwaka 1873, akiwa na miaka 12 katika Guiana ya Uingereza (leo Guyana, Amerika Kusini), aliikuta stempu ya senti 1 kwenye karatasi za mjomba wake. Ilikuwa imechapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi ya rangi ya magenta, yaani nyekundu inayoelekea zambarau, pembe zake zimekatwa, na ilitolewa mwaka 1856. Aliiuza kwa shilingi 6. Mwaka 2014 ilinadiwa New York kwa zaidi ya dola milioni 9, maana hakuna nyingine inayojulikana kuwepo. Wengi hupenda kusimulia hayo mamilioni. Mimi hufurahia zaidi kwamba kuna mtu katika ile familia hakuzitupa karatasi za mjomba. Na wewe ukikuta stempu kwenye bahasha, usiibandue. Bahasha ina anwani na muhuri wa posta, yaani nani alimwandikia nani, akiwa wapi, lini.

Sarafu usizisugue. Ule utando mweusi au wa kahawia unaouona kama uchafu ndio wakusanyaji wanaoutafuta, na ukiung'arisha umeondoa pia sehemu ya uso wa sarafu.

Picha ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki juu ziliharibu picha nyingi, kwani gundi huzigeuza njano na kuzing'ang'ania. Picha ikigoma kutoka, usiivute; ipige picha hapohapo ilipo. Ukitaka kuandika majina nyuma, tumia penseli laini na uiandikie pembeni, maana kalamu ya wino hukandamiza hadi upande wa pili. Na majina hayo uyatafute sasa. Katika sanduku la babu kuna picha ya vijana wamesimama ukutani, mmoja amekatwa na ukingo, limebaki bega na mkono wa shati tu. Bibi aliishika karibu na dirisha, akapitisha kidole kwenye ule mkono wa shati. "Huyu ni kaka yangu. Hili shati nililishona mimi." Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kuniambia hivyo.

Kuna bahasha moja aliyonikataza kuifungua. Nimeipa namba kama nyingine na kuirudisha mahali pake.

Chini kabisa zilikuwepo santuri, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu mdogo, ndiyo maana zikianguka huvunjika. Usizifute kwa spiriti, kwani spiriti huiyeyusha shelaki. Nimezisimamisha wima badala ya kuzirundika, na sasa natafuta mashine yenye sindano inayozifaa, kwa sababu sindano ya santuri za LP, zile za plastiki zilizokuja baadaye, ni nyembamba mno kwa mifereji yake. Bibi ameshaniambia nianze na ipi, na ipi nisiipige akiwa na wageni.