Maji Yaliyopita Mgongoni

Jioni ile nilipofungua begi ndani ya hema, mfuniko wa mvua ulikuwa mahali pake, haujachanika wala kuchomoka. Lakini mfuko wa kulalia, niliokuwa nimeupakia chini kabisa, ulikuwa umelowa upande mmoja, ule wa mgongoni. Tulikuwa tumetembea saa nne mvua ikinyesha bila kukatika.

Nikalikagua begi kwa tochi. Mfuniko hufunika kila upande isipokuwa wa mgongoni, maana mikanda lazima ipite. Maji yalitiririka kutoka kofia ya koti hadi shingoni, yakateremka kati ya mgongo na begi, sponji ikayanyonya, yakapenya kwenye mishono. Yaliyofika chini yalinaswa na mfuniko wenyewe, ambao haukuwa na tundu la kuyatoa. Nilipouvua, yalimwagika karibu kikombe kizima.

Bahati mfuko ule wa kulalia ulikuwa wa nyuzi za viwandani. Wa manyoya ukilowa, manyoya hushikamana, hewa inayotunza joto ikakosa pa kukaa, na usiku unakuwa mrefu.

Koti nalo lilikuwa limelowa mabegani na kiunoni, basi. Kitambaa chake cha nje hupakwa dawa inayofanya matone yabingirike, na msuguano wa mikanda huanza kuila sehemu hizo. Kitambaa kikishalowa, mvuke wa jasho hauna pa kutokea, unageuka maji ndani, nawe unaapa koti linavuja.

Mwenzangu alikuja na joho la mvua, lile linalofunika mtu na begi lake pamoja. Mgongo mkavu, begi kavu. Ila kwenye kilele chenye upepo lilimpanda usoni asione anapokanyaga, mpaka akalifunga kiunoni kwa kamba. Kuanzia magotini alikuwa chapachapa.

Asubuhi alinipa mfuko mtupu wa plastiki nzito, ule wa kutilia takataka, wa lita 80. Begi langu ni la lita 60, na ziada hiyo ndiyo inayowezesha mdomo kusokotwa. Nikautandaza ndani ya begi, nikapakia mfuko wa kulalia na nguo kavu, nikaugandamiza kwa goti hewa itoke, nikausokota mdomo na kuukunja chini. Hema lililolowa lilibaki nje ya plastiki. Ukiliweka ndani umejifungia maji na vitu vyako. Mfuniko niliurudisha juu, sasa kazi yake ikiwa kuzuia tope na kupunguza uzito wa maji kwenye kitambaa.

Niliporudi nyumbani nilifua koti kwa sabuni ya nguo za mvua, bila dawa ya kulainisha, kwa kuwa hiyo huvutia maji. Lebo iliruhusu mashine ya kukausha, nikalitia kwa joto la chini dakika 20. Nikalinyunyizia maji: kifuani na mikononi matone yalibingirika tena, mabegani yakazama vilevile. Hapo nikapulizia dawa mpya.