Robo ya kidonge

Leo nimekata diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwa wembe, robo tu, ndogo kama punje ya mchele. Nimecheka peke yangu jikoni.

Nilianza baada ya kumzika mama. Usingizi ukagoma, na duka la dawa la mtaani likaniuzia vidonge kumi bila cheti. Miaka miwili baadaye nilikuwa nameza vinne ili tu nipande daladala la Mbagala bila kutetemeka. Siku niliyojitia ubabe nikaacha ghafla, nilipata degedege mbele ya wanangu. Kumbe dawa hizi ukizikatisha ghafla zinaweza kukuua!

Dada ndiye aliyenipeleka Muhimbili. Nilidhani nitapewa methadoni; nikaambiwa hiyo ni dawa ya kutibu uraibu wa heroini na jamii yake, mimi hainihusu. Daktari akanipangia kupunguza kidogo kidogo, na kila Jumatano naongea na mshauri. Kijana mdogo, ananiita "mama" kwa adabu zote, halafu ananibana kwa maswali mpaka natoka jasho.

Hii ni wiki ya 14. Jana nimelala saa nne usiku, nimeamshwa na adhana.