Nilivyopiga hesabu ya mwaka mzima ya daimyo wa koku 10,000

Nambari 10,000 ndiyo iliyonipotosha. Japani ya zama za ukoo wa Tokugawa, kuanzia 1603 hadi 1868, bwana wa kisamurai ambaye ardhi yake ilikadiriwa kutoa koku 10,000 za mchele au zaidi kwa mwaka ndiye aliyehesabiwa kuwa daimyo. Nilitaka kujua yule wa ngazi ya chini kabisa aliishi vipi, nikachukua 10,000 kuwa mapato yake. Jibu likatoka la tajiri asiye na shida, wakati mabwana wadogo wa Japani wanajulikana kwa madeni. Ikabidi nirudi shambani nianze na kipimo.

Koku ni kipimo cha ujazo. Koku moja ni to 10, to ni sho 10, sho ni go 10. To ni lita 18, yaani debe letu hili hili la mafuta, kwa hiyo koku ni madebe kumi, kama kilo 150 za mchele. Ukilishika hilo, kichwa hakiumi tena.

Ardhi ilipimwa kwa tan, karibu robo ekari, na tan moja ni tsubo 300. Katika upimaji ulioanzishwa mwaka 1582 na Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyetangulia ukoo wa Tokugawa, shamba la mpunga la daraja la juu lilikadiriwa koku 1.5 kwa tan, la kati 1.3, la chini 1.1. Makadirio hayo yalihakikiwa kwa kukata sampuli: unachagua tsubo moja, mita za mraba 3.3, unavuna, unapura, unapima. Ikitoka sho 1, zidisha kwa 300, unapata koku 3. Hapo nilijikwaa. Hizo koku 3 ni mpunga; kodi inahesabiwa kwa mchele. Wapimaji walichukulia kwamba ukikoboa unabaki na nusu, yaani koku 1.5, sawasawa na shamba la daraja la juu. Sisi tulio na neno la mpunga na neno la mchele hatuna kisingizio, lakini nami nilisahau kukata nusu hiyo, na eneo lote la bwana likaongezeka maradufu kwenye karatasi.

Kosa lililofuata ni gumu kulibaini. Katika koku 10,000 hizo, si zote zilikuwa mchele. Mashamba makavu ya shayiri na soya, hata viwanja vya nyumba, vyote viligeuzwa kuwa koku ili kijiji kiwe na nambari moja. Mara nyingi kodi ya sehemu hiyo ililipwa kwa fedha. Ukitafuta ghala la kutosha mchele wote huo hutalipata, kwa sababu mchele wenyewe haukuwa mwingi hivyo.

Kodi ilitajwa kwa mafungu: manne kwa bwana na sita kwa wakulima, au tano kwa tano. Kijiji kizima kilidaiwa kwa pamoja, na mkuu wa kijiji ndiye aliyegawa mzigo nyumba kwa nyumba. Kiwango kilipangwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukaguzi wa kila mwaka. Ubaya wake ni kwamba mkulima haruhusiwi kuvuna kabla mkaguzi hajapita. Mpunga ulioiva unapukutika, mvua inakuja, na mkaguzi na watu wake wanataka kula. Ya pili ni kiwango kisichobadilika kwa miaka kadhaa, kinachotokana na wastani wa mavuno yaliyopita. Hii ilimfaa bwana aliyetaka kupanga matumizi, lakini mavuno yakiharibika sana wakulima waliomba ukaguzi, na mpango ukavurugika. Mimi nilichukua manne kwa sita: koku 4,000.

Kisha watu. Hapa idadi ni zangu, za kufanyia mfano tu. Niliweka wazee wawili wa utawala wenye ardhi ya koku 200 kila mmoja, samurai 15 wa koku 80, samurai 40 wanaolipwa koku 15 moja kwa moja kutoka ghalani, na ashigaru 70, askari wa miguu, wa koku 5 pamoja na posho ya watu wawili. Posho ya mtu mmoja ni go 5 kwa siku, karibu koku 1.8 kwa mwaka. Ukijumlisha nambari hizi zilivyo, umeharibu. Mwenye ardhi ya koku 80 hapokei 80. Anapokea kodi yake, yaani 32. Mwenye koku 15 za ghalani anapokea 15 kamili. Ni koku za aina mbili zenye jina moja. Nilipozitenganisha nikapata 160, 480, 600 na 602, jumla koku 1,842. Karibu nusu ya kodi imeondoka kabla bwana hajanunua hata taa.

Kwa nini asipunguze watu? Agizo la 1633 lilimtaka mwenye koku 10,000 awe tayari kutoa wapanda farasi 10, bunduki 20, pinde 10 na mikuki 30. Baada ya uasi wa Shimabara kuzimwa mwaka 1638 nchi ilikaa zaidi ya karne mbili bila vita kubwa, lakini nafasi hizo zilirithiwa baba kwa mwana. Kufuta nafasi ni kufuta nyumba ya mtu.

Zilizobaki, koku 2,158, zigeuzwe fedha. Kanuni ya mkono ni koku moja kwa ryo moja ya dhahabu, na kwa kiwango rasmi cha 1609 ryo ni mon 4,000 za shaba. Nilikata sehemu ya kumi kwa usafirishaji na kwa sababu mabwana wengi waliuza msimu mmoja, sokoni Osaka, bei ikashuka. Zikabaki ryo 1,942. Miaka ya 1720 mambo yalikuwa mabaya zaidi: mchele ulishuka bei, bidhaa nyingine hazikushuka. Yoshimune, shogun wa wakati huo, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, aliidhinisha rasmi soko la mchele la Dojima mwaka 1730 akitaka bei ipande.

Nilitegemea safari ya Edo, mji wa shogun (Tokyo ya leo), ndiyo itakayomeza kila kitu. Sheria ya 1635 iliwataka mabwana wakae Edo mwaka mmoja na kwao mwaka mmoja. Mwaka 1642 wakaingizwa na wale wa koo zilizomtumikia Tokugawa tangu mwanzo. Kwa kanuni ya 1721, msafara wa koku 10,000 ulipaswa kuwa na wapanda farasi watatu au wanne, ashigaru 20 na watumishi 30. Pamoja na bwana, watu 55. Nyumba ya wageni ya kawaida, mon 200 kwa mtu kwa usiku, ni mon 11,000, yaani ryo 2.75. Usiku 12 ni ryo 33. Si kitu! Kinachopandisha ni wapagazi na farasi: kwa idadi maalum bwana alilipa bei rasmi, zaidi ya hapo alipatana, na bei ya kupatana ilikuwa kama mara mbili. Halafu mito. Mto Oi haukuwa na daraja. Watu walivushwa mabegani au kwa machela. Maji yakipita shaku 4 na nusu, kama sentimita 136, mto unafungwa, na watu 55 wanakula na kulala bila kusonga. Hata hivyo, nikiongeza na zawadi za njiani, sikuweza kuzidisha ryo 150.

Mlaji ni nyumba ya Edo. Mke na mrithi waliishi huko moja kwa moja, kwa hiyo jumba lilikuwa wazi miezi yote hata bwana akiwa kwao. Kule kijijini kuni zinatoka msituni. Edo mkaa, samaki, mafuta ya taa, miso, kila kitu ni fedha mkononi. Tarehe 1, 15 na 28 za kila mwezi bwana alikwenda ngome ya shogun kutoa heshima, kwa mavazi ya cheo chake, na alikaa katika ukumbi wa watu wa ngazi yake. Moto nao: ule wa 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na jumba likiungua linajengwa upya. Niliweka ryo 1,100. Ukoo wa Yagyu, waliofikia koku 10,000 mwaka 1636 kwa kufundisha upanga kwa mashogun, walikaa Edo daima. Waliepuka safari, gharama kubwa hawakuiepuka.

Kwao, bwana kama huyu kwa kawaida hakuwa na ngome bali jin'ya, ua wenye ofisi, ghala na makazi pamoja. Wakurushima wa Mori, kisiwani Kyushu, ukoo wa mabaharia uliohamishiwa milimani mwaka 1601, walikosa ngome pia; baadaye bwana wao mmoja akatengeneza hekalu lao kwa kuta za mawe zinazofanana kabisa na za ngome. Kwa nyumba ya bwana niliweka ryo 350, na 100 kwa kingo za mito na mifereji.

Jumla ya matumizi ni ryo 1,700, akiba 242. Inapendeza, mpaka mavuno yapungue kwa sehemu moja ya tano. Kodi inakuwa 3,200, mishahara nikiiacha ilivyo ni 1,842, zinazouzwa ni 1,358, fedha ni ryo 1,222. Pengo: 478.

Dawa iliyozoeleka iliitwa kukopa kutoka kwa watumishi, ingawa mkopo huo mara nyingi haukurudishwa: mishahara inakatwa. Asilimia 30 kwa wote inatoa ryo 497, pengo limezibwa. Lakini ashigaru wa koku 8.6 anabaki na 6, chakula cha watu watatu na kidogo, kabla ya nguo na chumvi. Ndiyo maana wengi wao walitengeneza miavuli nyumbani. Nikakata kwa ngazi: wa juu wenye ardhi asilimia 40, wa kati wanaolipwa ghalani 30, ashigaru 10. Ikatoka ryo 446. Zikakosekana ryo 32, na hizo nikaziandika kwenye daftari la mfanyabiashara wa Osaka, kwa dhamana ya mchele wa mwaka unaofuata.