Mlango wa Sabaki kwa saa ya maji

Tulitoka Malindi saa saba mchana, mwishoni mwa Agosti, siku moja baada ya mwezi mpevu. Wengi huenda mlango wa mto Sabaki, unapoingia baharini, alfajiri kwa kuwa ndivyo ndege wanavyotazamwa kwingine. Hapa hutazamwa maji kwanza. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa saa nne asubuhi. Ukija wakati wa kupwa, chekeamwezi, ndege wadogo wa ufukweni, wametawanyika topeni hadi mbali, huoni ila vidoadoa. Maji yakijaa, tope lote hufunikwa na ndege husogezwa kwenye fungu moja la mchanga. Tena jua la alasiri liko mgongoni.

Tuktuk ilitushusha darajani, barabara ya Lamu. Kutoka hapo ni miguu, kijana wa kijiji mbele, tukifuata ukingo kuelekea pwani. Mto huu juu ni Athi, ukipita Tsavo ni Galana, huku ni Sabaki, na wekundu wake ni udongo wa mashamba ya bara. Kaskazi ikivuma mkondo huusukuma kusini, ndipo bahari ya mjini inapogeuka chai ya maziwa. Kusi huupeleka kaskazini, Mambrui.

Njia ya kiboko haifichiki: mifereji miwili na tuta la nyasi katikati, maana miguu yake ya kulia na ya kushoto hukanyaga mbalimbali. Mavi amerusha kwa mkia hadi vichakani. Yakiwa mabichi, toka njiani, na usikae kamwe kati yake na maji.

Kwenye mikoko, kanyaga palipochomoza mizizi ya mchu, aina ya mkoko. Chini yake kuna mtandao wa mizizi unaoshika. Pale peupe panapong'aa, panapovutia mguu, ndipo unapozama hadi gotini. Ndala zitabaki humo. Vaa raba za kufunga kamba.

Saa tisa na nusu fungu lilikuwa limejaa ndege. Heroe huonwa na kila mtu. Waliotuleta sisi ni wengine: ndege wa kahawia, wembamba, mabawa marefu kama ya mbayuwayu, ambao huzaliana Madagaska na kukaa pwani hii tangu Aprili hivi hadi Septemba. Walilala mchangani kwa mamia, wote wameelekeza midomo kwenye upepo wa kusi, hata ukadhani ni takataka zilizoletwa na mto. Kaa chini, mbali, utumie darubini. Ukiwasogelea wataruka wahamie ng'ambo, na ng'ambo huvuki: mamba wamo.

Kurudi tulianza kabla ya saa kumi na moja. Maji yalikuwa bado yamefunika njia ya chini, ikabidi kupanda matuta ya mchanga, ambako kutembea huchukua muda mara mbili. Kiboko hutoka kulisha jua likizama. Tulipofika karibu na daraja, vichwa vitatu vilikuwa vimeshasogea ukingoni, masikio yakipepesuka.