Nilivyoikuta VC10 Weybridge

Chama chetu cha wanafunzi wa uhandisi wa ndege hufanya ziara moja kila muhula. Safari hii tulikuwa kumi na tisa. Tulikutana kituo cha Waterloo, London, saa tatu asubuhi, kila mtu na koti zito, maana manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu usiku. Kwa treni, Weybridge, mji wenye makumbusho tuliyokuwa tukienda kuyaona, haifiki hata saa nzima. Njia nzima wenzangu walikuwa wakiizungumzia Concorde, ndege ya abiria iliyokuwa ikiipita kasi ya sauti. Mimi nilikuwa na ndege nyingine moyoni, lakini sikuitaja.

Babu yangu alikuwa fundi wa injini wa East African Airways, shirika la ndege la Jumuiya ya Afrika Mashariki, pale uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi. Mwaka 1977, shirika lilipokufa na Jumuiya ikavunjika, alirudi Tanga na sanduku moja la nguo na jingine la spana. Spana zile ninazijua zote. Jina VC10, ndege ya abiria aliyoihudumia, nililijua kabla sijajua kusoma.

Makumbusho yenyewe ni Brooklands. Palifunguliwa mwaka 1907 kwa ajili ya mashindano ya magari, na kipande cha ile njia ya zege iliyoinuka ubavuni bado kipo, kimeshika ukungu wa kijani. Baadaye viwanda vya ndege vikaingia ndani ya duara hilo, na hapo ndipo kampuni ya Vickers ilipounda VC10 zote 54.

Tulianza na Wellington, ndege ya vita iliyotumbukia Loch Ness, Scotland, siku ya mwisho ya mwaka 1940 na kuopolewa mwaka 1985. Ngozi yake imetoka, mifupa iko wazi, vyuma vimepishana mshazari kwa mshazari mwili mzima. Mimi mtoto wa Tanga niliona dema, mtego wa samaki wa kusuka. Msukaji dema anajua kwamba fito moja ikivunjika, nyingine zinashika mzigo, na ndivyo ndege zile zilivyorudi nyumbani zikiwa zimetobolewa na risasi. Concorde tuliingia, tukapiga picha, tukatoka. Ni ndege nzuri, sikatai.

VC10 iko nje, kwenye mvua. Hii ilikuwa ya Sultani Qaboos wa Oman, nambari ya usajili A4O-AB. Aliitoa kwa makumbusho mwaka 1987, ikarushwa hadi hapa na kutua kwenye barabara fupi ya kiwanda kilichoizaa. Wenzangu walipanda ngazi kwenda kuona alivyokuwa akisafiri mfalme. Mimi nilibaki chini ya bawa la kushoto.

Nililitazama toka shinani hadi nchani. Hakuna kilichoning'inia. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linakosa cha kuegemea, injini inakosa cha kuvuta, na ndege inalazimika kukimbia mbali zaidi kabla haijanyanyuka. Kwa hiyo wasanifu walizitoa injini mabawani, wakazipanga zote nne mkiani, mbili kila upande, ili bawa zima lifanye kazi moja tu ya kubeba. Darasani nilipewa jambo hili kwa hesabu. Pale chini, shingo ikiniuma kwa kutazama juu, nilielewa kwamba mtu fulani katika mji huu wa mvua alikaa mezani akauwaza uwanja kama wa Embakasi.

East African Airways walinunua Super VC10 tano, ndefu kidogo kuliko hii, zilizosajiliwa kwa 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania na 5Y ya Kenya. 5X-UVA ilianguka Addis Ababa Aprili 1972, wakafa watu 43. Hiyo Babu haizungumzii. 5H-MOG ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa. Shirika lilipokufa, zile nne zilizobaki zilirudi Uingereza zikageuzwa kuwa ndege za jeshi za kuwajazia wenzao mafuta angani. 5H-MOG, kwa jina jipya ZA150, iliruka hadi Septemba 2013.

Nilimpigia simu ya video palepale.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Mbona unaloa?"

Nikageuza simu. Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika, nikamwambia ngoja nipande nikuonyeshe viti vya Sultani.

"Viti vya nini? Nenda nyuma kwenye injini."

Nikazunguka. Akanituma kushoto, kisha kulia, kisha nisogeze simu hadi nilipoweza kufika. "Injini za Conway hizo," akasema. "Simama hapohapo, usitikise mkono." Nikasimama. Kwa mbali nikamsikia akimwita Bibi amletee miwani.