Tafiti mbili, korongo moja: nilivyoisafisha picha ya chini ya bahari

Siku niliyojumlisha tafiti mbili za mitetemo (meli hupiga mlio, kisha hunasa mwangwi wa tabaka za chini ya bahari) kwa mara ya kwanza, sakafu ya bahari ilitoweka kwenye skrini. Ule mstari mnene ambao hata mgeni angeuonyesha kwa kidole, haupo. Jirani yangu wa meza akachungulia: "Kaka, umeifuta bahari?"

Data ni za kina kirefu kusini mwa Tanzania, bahari ileile ambamo gesi ya visima vya Pweza na Chewa iligunduliwa mwaka 2010. Meli ya kwanza ilipita kaskazini–kusini ikiburuta nyaya zake za kunasa mwangwi. Ya pili, miaka kadhaa baadaye, ikapita mashariki–magharibi. Katikati kuna korongo lililochimbika chini ya maji, kama mita 300 kwenda chini. Sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde majini, na tuseme 2,000 kwenye tope la kando, kwa hiyo mwangwi unaopita korongoni, kwenda na kurudi, huchelewa karibu milisekunde 100. Tabaka lililonyooka chini ya korongo linaonekana limebonyea, kingo zake zinageuka vilima, na vilima ndivyo wachimbaji wa gesi huvitafuta.

Kosa la kwanza lilikuwa la aibu. Utafiti mmoja ulihifadhiwa kwa alama kinyume: kilele cha huu ni bonde la ule, basi vikafutana. Nikageuza, bahari ikarudi. Lakini picha ilibaki na ukungu kuliko kila utafiti peke yake. Sehemu ya lawama ilikuwa ya maji yenyewe: bamvua likipandisha maji mita 3, mwangwi unachelewa milisekunde 4, na maji ya kaskazi, kwa joto lake, hupitisha sauti haraka kuliko ya kusi. Nikakaa na jedwali la kupwa na kujaa kama mvuvi.

Tofauti iliyobaki kati ya tafiti hizo ndiyo niliyokuwa naitupa bure kwa kujumlisha mapema. Nikaitumia kujenga ramani moja ya mwendo wa sauti, nikiirekebisha mpaka tabaka lilelile likae kina kilekile kwa meli zote mbili. Wiki sita. Ndipo nikajumlisha, tena kwa mizani: chini ya korongo uzito mkubwa niliipa meli ya kaskazini–kusini, maana mlio wake uliingia ukingo huu ukanaswa ng'ambo, ukalikwepa korongo kwa chini.

Ubonyeo chini ya korongo ukanyooka, na pembeni yake ukajitokeza mpasuko ambao hatukuwahi kuuona. Upande wa mashariki ilipita meli moja tu. Ubonyeo wa pale nimeuzungushia penseli nyekundu, siusemei.